Swali moja tu: umejuaje?

Mdogo wangu wa Baraka, barua yako nimeisoma mara tatu. Umeandika kwa penseli, herufi zimebanana kama mtu anayeogopa karatasi isimwishie, na chini kabisa umeweka swali ambalo hata watu wazima hulikwepa: "Yaya, sayansi ni kitu gani hasa?" Unasema mwalimu aliandika maana yake ubaoni, mkainakili katika kaye, ukaikariri, ukapata kumi juu ya kumi. Ulipofika nyumbani ukagundua hujui ulichoandika. Kaka yako akakucheka. Akasema usijisumbue, hayo ni mambo ya Wazungu.

Nakupa pole, nakupa na hongera. Pole kwa sababu najua uchungu wa kusifiwa kwa kitu ambacho moyoni unajua hukukielewa. Nami nilipita hapo, katika darasa kama lako, nikiimba maneno ya Kifaransa ambayo hakuna aliyenionyesha yalipo duniani. Hongera kwa sababu mwenye kumi juu ya kumi angeweza kunyamaza akala sifa zake. Wewe umejikagua, umeona pengo, umelisema. Shika tabia hiyo, maana sehemu kubwa ya jibu langu imo humo.

Sitakupa maana nyingine ya kukariri. Chukua kaye yako, twende ufukweni.

Wewe unajua Baraka inavyoamka. Jua linachomoza upande wa rasi ya Ubwari, mitumbwi inarudi moja moja kutoka usiku wa kuvua, taa zimezimwa, mama zetu wamekwisha kujipanga na mabeseni wakingojea ndagala. Unajua pia kwamba kila mwezi kuna siku ambazo ufukwe unapoa. Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wengi hubaki nyumbani wakishona nyavu, na bei ya fungu la ndagala inapanda mpaka mama anageukia sombe tupu. Mwulize mtoto yeyote wa Baraka kwa nini, atakujibu bila kufikiri: mwezi unawaka.

Sawa, mwezi unawaka. Halafu?

Ukiuliza hivyo, utapata majibu ya kila namna. Mvuvi mmoja atakwambia kwamba taa yake haiwezi kushindana na mwezi, kwa hiyo samaki hawakusanyiki. Mwingine atasema ndagala huogopa mwanga wa mwezi, hukimbilia chini. Wa tatu atasema samaki wako tele kama siku zote, ila watu wamezoea kupumzika siku hizo, na mtumbwi uliolala ufukweni hauleti kitu. Yote matatu yanaingia akilini. Na wote watatu ni watu wazima waliozeeka majini, kwa hiyo huwezi kuamua kwa kutazama nani ana mvi nyingi. Hapa ndipo sayansi inapoanza, mdogo wangu. Inaanza pale unapojiuliza: nikiona kitu gani, nitajua ni nani kati yao amekosea?

Tufanye kazi kidogo. Kila asubuhi, kwa siku 30, andika mambo matatu: mitumbwi mingapi imerudi, imeleta mabeseni mangapi, na mwezi ulikuwaje usiku huo. Ukihesabu mabeseni peke yake, utadanganyika, na wengi hudanganyika hapo hapo. Tuseme usiku wa giza mitumbwi 20 imeleta mabeseni 100, na usiku wa mbalamwezi yamekuja mabeseni 20 tu. Mtu wa haraka atasema: mnaona, mwezi umefukuza samaki! Wewe ngoja. Usiku huo ilitoka mitumbwi mingapi? Kama ilitoka 4 ikaleta mabeseni 20, basi kila mtumbwi umeleta matano, sawasawa na usiku wa giza. Samaki walikuwepo, waliokosekana ni wavuvi, na yule mzee wa tatu ndiye aliyesema kweli. Lakini kama mitumbwi 4 imeleta mabeseni 4, kila mtumbwi beseni moja, basi kuna jambo limetokea majini kweli, na mzee wa tatu itabidi akubali kwamba amekosea.

Umeona? Kugawanya tu, hesabu uliyofundishwa zamani, kumetenganisha maneno mawili ambayo masikioni yalikuwa sawa.

Usiishie hapo. Andika na upepo, kwa sababu upepo mkali nao huwarudisha watu pwani, na ukiusahau utausingizia mwezi kosa la upepo. Mwezi mmoja hautoshi. Bahati inaweza kukuchezea. Fanya miwili, mitatu. Ukiwa na rafiki Mboko au Kazimia, naye ahesabu kwake. Hesabu zake zikipingana na zako, usizibadilishe zako zifanane na zake, wala yeye asibadilishe zake kukufurahisha. Kaeni mtafute kwa nini zinapingana. Mara nyingi jambo jipya limejificha humo.

Waliokwisha kufanya kazi ya namna hii katika ziwa Tanganyika wametuachia mengi. Wameona kwamba usiku vidudu vidogo vya majini hupanda juu kula mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ndagala huvifuata vidudu, na mikebuka huwafuata ndagala. Taa ya mvuvi huwavuta wale waliopanda. Mwezi ukimulika ziwa lote, taa hupoteza nguvu yake. Wameona pia kwamba ziwa letu lina kina cha mita 1,470, hakuna ziwa lenye kina zaidi duniani ila Baikal la Urusi, lakini samaki wetu wanaishi katika tabaka la juu tu. Ukishuka kupita kama mita 100 hadi 200, hewa ya oksijeni imekwisha. Maji meusi kimya mpaka chini. Nalo lilijulikanaje? Watu walishusha chupa kwa kamba ndefu, wakaifunga ikiwa huko huko chini, wakaipandisha, wakapima maji yaliyomo. Wakashusha tena, kina kingine, siku nyingine. Baadhi ya wanaofanya kazi hiyo ni Wakongomani wenzetu wa kituo cha utafiti wa ziwa pale Uvira, safari ya barabara kutoka kwenu.

Basi nikikwambia sayansi ni nini, nitakupa swali moja: umejuaje? Mtu akisema jambo kuhusu ulimwengu, sayansi inamwomba aonyeshe njia aliyopitia, ili mwingine aweze kuipita mwenyewe na kuona kama atafika palepale. Fizikia, kemia na biolojia unazoziona kwenye ratiba ni vyumba vya nyumba hiyo. Mlango wake ni swali hilo.

Sasa nisikilize vizuri, maana mimi ni dada yako na sitaki upigwe kofi kwa ajili yangu. Usimwendee mzee ukamwambia "umejuaje?" kavu kavu. Kwetu neno hilo likitoka kinywani mwa mtoto ni dharau, na mzee aliyedharauliwa hakufundishi tena. Lipindue. Sema: "Baba, mliona nini mkajua hivyo?" Au, "Mama, nifundishe, nikitaka kuona hilo kwa macho yangu nitazame wapi?" Swali ni lile lile, heshima imebaki mahali pake. Na utashangaa, kwa sababu wazee wengi wana jibu zuri, ila hakuna aliyewahi kuwauliza. Hata katika lubunga, wanaume wa Kibembe wakikaa kukata shauri, mtu haji na tuhuma akaachwa aondoke hivi hivi. Anaulizwa, nani alikuwepo, nani aliona. Desturi ya kudai ushahidi tunayo nyumbani. Tunachohitaji ni kuipeleka na kwenye mambo ya mvua, magonjwa na samaki.

Na radi. Nililiwaza sana jambo hili kabla ya kuliandika, lakini siwezi kuliacha. Milima ya Kivu inapigwa na radi kuliko karibu kila mahali duniani. Katika hesabu za setilaiti zilizotolewa mwaka 2016, Kabare, hapa hapa Kivu ya Kusini, ilikuwa ya pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: miali zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba, kila mwaka. Sababu yake inafahamika. Hewa yenye unyevu inasukumwa juu na milima, inakuwa mawingu marefu, ndani yake chembe za barafu zinagongana na kujaza umeme, mpaka umeme unashuka. Sasa radi ikiua mtu au ng'ombe kijijini, unajua mwenyewe nani hutajwa kuwa ameituma. Ni mjane fulani, mama mzee asiye na mtoto wa kumtetea. Watu wana uchungu, na mtu mwenye uchungu hutafuta mkono wa kuushika. Lakini kama radi hutumwa, ile inayopiga kilele kitupu kisichokaliwa na mtu, usiku baada ya usiku, ametumiwa nani? Swali hilo, likiulizwa kwa upole na kwa wakati, laweza kumwacha mama wa watu akalala nyumbani kwake salama. Kwangu mimi hiyo peke yake ingetosha kuwa sababu ya kusoma.

Turudi kwa kaka yako. Mwambie hivi. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Tanganyika, wakapanda kwa mitumbwi mpaka Uvira. Walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia, kwa sababu waliwaza huenda Nile inaanzia hapo. Hawakufika mdomoni mwa mto, lakini watoto wa mtawala wa pale waliwaambia wazi: unaingia. Ulaya wakabishana miaka na miaka, mpaka Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipokwenda kwa mtumbwi wakaona kwa macho yao: Rusizi inaingia ziwani. Miaka 13 kwa jambo lililojulikana na kila mvuvi wa Uvira. Tena Burton huyo huyo, ambaye ghuba yenu imepewa jina lake, aliandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Wewe unajua kwamba mtu anaweza kutoka Ubwari kwa miguu yake bila kulowa. Msomi alikosea, ziwa halikubadilika kumpendeza, na waliokuja baadaye wakasahihisha ramani. Sayansi haina rangi ya ngozi. Inamkosoa Mzungu mwenye vitabu kama inavyomkosoa mvuvi, na mtoto wa Fizi aliyetazama vizuri anaweza kuwa sahihi kuliko bwana mkubwa wa London.

Kama hilo halimtoshi, mtajie Daktari Jean-Jacques Muyembe, Mkongomani, mzaliwa wa 1942. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku kutazama homa iliyokuwa ikiua watu. Damu aliyoisafirisha kutoka huko ilisaidia kuitambua Ebola. Mwaka 1995 ugonjwa ukalipuka Kikwit. Akafikiri: mtu aliyepona, damu yake bila shaka ina askari walioshinda vita, je, tukimpa mgonjwa? Wagonjwa 8 wakapewa damu ya waliopona, 7 wakaishi.

Hapo wengi tungeshangilia na kufunga kitabu. Wanasayansi wenzake hawakufunga. Walisema: huenda hao 8 walikuwa na nguvu zao, huenda wangepona tu. Mdogo wangu, hii haikuwa chuki. Lilikuwa lile swali letu, na yeye hakulitoroka. Kutoka katika damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, watafiti walikuja kutengeneza dawa, na kati ya Novemba 2018 na Agosti 2019, Ebola ilipokuwa ikiwaka Beni, Butembo na Katwa, dawa nne zilijaribiwa kwa bahati nasibu, kila mgonjwa akipata mojawapo bila mtu kumchagulia. Kwa dawa ile ya Kikwit walikufa kama 35 katika kila wagonjwa 100. Kwa ile iliyokuwa ikitegemewa kabla, kama 50. Ndipo ikajulikana. Mwezi ule ule wa Agosti 2019 Ebola ilifika hata Mwenga, jirani zenu. Fikiria kwamba dawa iliyokuwa tayari wakati huo ilitokana na wazo la mtoto wa Kongo, na ilithibitishwa na wagonjwa wa Kongo.

Nina jambo moja la mwisho, nalo ni maji.

Nilipokuwa na umri wako, kazi yangu ilikuwa kujaza bidon ziwani. Maji ya Tanganyika yanang'aa, unaona mawe chini na samaki wadogo wakicheza, nani angeyashuku? Mama yangu mkubwa alikuwa na kipande cha kitenge kilichochakaa, anakikunja mara kadhaa, anamimina maji juu yake. Nilimcheka, nikasema haya ni mambo ya kizamani. Miaka mingi baadaye nikasoma kuhusu Bangladesh. Watafiti walijua kwamba vijidudu vya kolera hupenda kujishikiza kwenye vile vidudu vya majini, vile vile ambavyo ndagala huvifuata. Wakawafundisha akina mama wa vijijini kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa angalau mara nne. Matokeo yalitolewa 2003: kolera ilipungua karibu nusu. Nililia, nakwambia ukweli. Nilimlilia mama mkubwa niliyemcheka bila kumwuliza alijifunza wapi.

Lakini usikimbilie kusema "basi kitenge kinatosha". Karibu nusu ina maana nusu nyingine waliendelea kuugua. Kitambaa kinapunguza, klore na kuchemsha ndivyo vinavyoua vijidudu. Mama mkubwa alikuwa na njia nzuri. Kipimo ndicho kilichotuambia inafika wapi na inaishia wapi.

Na Uvira hapo juu, watafiti walifanya jambo ambalo hata wewe ungeliweza. Waliweka pamoja orodha mbili, kuanzia 2009 hadi 2014: kila siku maji ya bomba yalitoka kiasi gani, na kila siku wagonjwa wangapi walipokelewa katika kituo cha kolera. Walipozilinganisha, waliona kwamba bomba likikauka siku moja kabisa, katika siku 12 zinazofuata wagonjwa huongezeka zaidi ya mara mbili. Kila mama wa Uvira alikuwa akihisi hivyo. Ila hisia ya mama haina namba, na mkubwa anayegawa pesa anaweza kuipita bila kusimama. Orodha mbili zikiwekwa mezani, atapata shida kuzipita.

Maadamu tunazungumzia kolera, jifunze na hili, maana linaokoa. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutundika mishipani. Akachanganya maji, chumvi na sukari, akawapa ndugu za wagonjwa wawanyweshe. Sukari husaidia utumbo kupokea chumvi, na chumvi huvuta maji. Wagonjwa walikuwa wakifa kama 30 katika 100. Wakashuka chini ya 4. Watu wetu wengi wa Fizi wanajua maisha ya kambi, wamezaa na kuzika katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, na Lusenda iko hapo hapo mlangoni penu. Wanajua kambini hukosekana kila kitu. Mojawapo ya dawa kubwa za karne ile ilipimwa mahali pa namna hiyo. Kipimo cha nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mnyweshe mgonjwa njia nzima mkimpeleka hospitali, msimngojeshe nyumbani.

Umeniuliza pia kama ufuate masomo ya sayansi huko mbele, na kama msichana anaweza. Anaweza. Usiogope hesabu, umeona jinsi kugawanya mabeseni kulivyosaidia kukata shauri la wazee watatu. Na kwa wazazi wanaosoma hapa: mtoto akiuliza mara ya tano, msimwambie ana mdomo mrefu. Mjibuni mnachojua, na msichokijua semeni "sijui, tutazame". Neno hilo halijapunguza heshima ya mzazi yeyote.

Sasa mdogo wangu, mwezi mwembamba ukionekana juu ya milima, anza. Chora mistari katika kaye yako: tarehe, mitumbwi, mabeseni, mwezi, upepo. Baada ya siku 30 niandikie, uniletee hesabu ya kila asubuhi. Na ile siku uliyougua, au mvua ilipokuzuia kufika ufukweni, acha nafasi yake tupu. Usiijaze kwa kubuni.